Gari la Mzee Lirudi Mwaka Gani?

Kijana wangu alikuwa na kipande cha msasa mkononi na ndoo ya maji kando ya mguu, anasugua mlango wa dereva. Tope la njano lilitangulia kutoka, likachuruzika hadi sakafuni. Chini ya njano pakatokea nyeupe. Akabadilisha maji, akaendelea. Chini ya nyeupe kulikuwa na kijivu cha praima, na pale alipokaza mkono, karibu na kitasa, likajitokeza doa la buluu lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 20.

"Guka, kumbe gari lako ni la buluu?"

Baba yangu, ambaye kijana humwita Guka, yaani babu, alikuwa ameketi juu ya debe lililofunikwa gunia, anasafisha plagi kwa brashi ya waya. Alinyanyuka, akaja, akalitazama lile doa kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

"Hiyo si yangu. Hiyo ni ya wale walioniuzia."

"Lakini ndiyo rangi yake ya kwanza. Si tumesema tunalirudisha lilivyokuwa? Basi tulipake buluu."

"Wacha kusugua hapo, kijana."

Kijana akaacha. Mimi ndiye sikuacha.

Tangu mwanzo wa mwaka tumekuwa tukiwaambia watu kwamba tunalirudisha gari la Mzee jinsi lilivyokuwa. Nimeyasema hayo kazini, nimeyasema kwenye chama, nimemwambia hata askari wa geti aliyetaka kujua kelele za grenda zinatoka wapi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza: lilivyokuwa lini?

Gari lenyewe ni Peugeot 504, ile ndefu ya safu 3 za viti. Aliyewahi kupanda kutoka steji ya Nyamakima, Nairobi, kwenda Nakuru miaka ya tisini hahitaji maelezo zaidi. Namba zake ni zile za zamani zisizo na herufi ya mwisho, za kabla ya KAA kuanza mwaka 1989. Baba alilinunua kutoka kwa kampuni moja iliyokuwa ikiyaondoa magari yake makuukuu, akalipaka nyeupe, akalitia barabarani, na likatulisha mpaka lilipochoka. Baadaye likakaa juu ya mawe nyuma ya nyumba hapa mtaa wa Utawala, Nairobi, na kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma.

## Mahali pa kuku

Wengi wameniuliza kwa nini tusilipeleke gereji. Mafundi wamejaa jiji hili, kuanzia Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, hadi Kariobangi Light Industries. Jibu ninalowapa ni kwamba gari kuukuu likikaa miezi kwa fundi linaanza kuliwa. Leo altaneta "imeazimwa", kesho kioo cha pembeni hakionekani, na siku unayolifuata unaonyeshwa bodi iliyosimama juu ya matofali na kuambiwa spea zimekuwa ngumu.

Jibu la pili sijawahi kulisema mbele ya Baba. Nilitaka awe na mahali pa kwenda asubuhi.

Tangu astaafu alikuwa anaamka saa 11 alfajiri, anavaa viatu, kisha anakaa sebuleni navyo.

Pahali pekee palipotosha gereji ni pale palipokuwa na banda la kuku na vitalu viwili vya sukuma wiki, na pahali hapo ni pa Mama. Mazungumzo yalichukua muda. Mwishowe alikubali kwa masharti: banda jipya lisimame kwanza, tena lijengwe na fundi, si na ndugu yangu, Jumapili pasisikike nyundo, na oili chafu isimwagwe hata tone kwenye udongo wake, ikusanywe kwenye mitungi. Sharti la oili lilimshangaza Baba, ambaye miaka yote ameimwaga nyuma ya ua na kusema inaua mchwa.

Kisha tukakutana na udongo wenyewe. Anayejenga upande huu wa jiji anaujua huu mweusi. Mvua za Aprili zikija unavimba, jua la Januari likiwaka unapasuka nyufa za kutia mkono. Ukimwaga zege moja kwa moja juu yake, sakafu itapinda kabla hujamaliza kulipa deni la simiti, na sakafu iliyopinda si pa kuinulia gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja. Tukauchimba wote, tukaupakia kwenye lori, tukajaza mawe na maramu, tukashindilia tabaka kwa tabaka, tukatandaza wavu wa chuma wa BRC, ndipo zege likamwagwa. Sehemu kubwa ya bajeti yetu imelala chini, mahali ambapo mgeni akija anaona sakafu tu na kuuliza pesa zilienda wapi.

Paa ni mabati juu ya nguzo za chuma. Kuta ni 2 tu. Hewa ipite.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa shimo, lile ambalo fundi huingia ili afanye kazi chini ya gari. Baba alilitaka. Kwake gereji bila shimo ni kivuli cha mabati. Mimi nilikataa, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: ukivuja haupandi, unashuka shimoni na kukaa huko, ukisubiri cheche moja ya grenda au balbu iliyovunjika. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimeingia kwenye mashimo miaka 30. Niangalie. Nimeungua wapi?"

Hoja kama hiyo haijibiki. Aliyetuamulia ni fundi wa kuchomelea, aliyekuja kukagua kazi, akasikia habari za shimo, akaanza kukunja waya zake. Alisema hachomelei karibu na shimo, basi. Tukanunua stendi 4 za chuma, na sheria ikawa moja: hakuna anayeingiza hata kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Baba anaifuata sheria hiyo akijua tunamtazama.

Kwa kuchomelea tulipata somo la siku nyingi. Sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu upande wa abiria, na bati la bodi halifiki hata milimita 1 kwa unene. Mashine ya kawaida ya vijiti, ile inayotengeneza mageti, inalitoboa badala ya kuliunga. Ilibidi tutafute mashine ya waya na gesi. Na kwa kuwa 504 haina chesisi ya kujitegemea, bodi ndiyo mifupa, huwezi kukata chini ya milango ovyo. Kwanza unaweka vyuma vya kushikilia uwazi wa milango usije ukajikunja, unatoa tangi la petroli, unafungua betri. Kila mara fundi alipogusa bati, taa za sebuleni zilififia, na Mama akatoka nje kuuliza tokeni za stima zinanunuliwa na nani.

Zilikuwa zinanunuliwa na yeye. Hilo tutalirudia.

## Silivu

Injini ya gari letu ni ile ya petroli ya sentimita za ujazo 1,971, iliyolazwa ubavu kwa pembe ya digrii 45. Bloku ni ya chuma, hedi, yaani mfuniko wake wa juu, ni ya alumini, na silivu zake, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za kuchomoka, zimezungukwa na maji moja kwa moja. Nayaandika haya kama mtu aliyezaliwa akiyajua. Hadi mwaka huu nilijua tu kwamba ukifungua boneti injini imeegemea upande.

Siku ya kung'oa hedi tulikuwa 4. Bolti zote zilikuwa zimetoka na hedi haikuwa na habari nasi. Joto la miaka mingi lilikuwa limeigandisha. Ndugu yangu akaishika kwa mikono miwili ajaribu kuivuta juu.

"Usivute!"

Sijamsikia Baba akipaza sauti hivyo tangu enzi za stendi ya magari. Akamsogeza mwanawe kando, akachukua vyuma 2 virefu, akavitia kwenye matundu ya bolti, kimoja mbele na kimoja nyuma, akaviegemeza pamoja kuelekea ubavuni. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili pakatoka sauti ndogo ya kuachia, kama mfuniko wa sufuria uliokuwa umeshikwa na ugali. Ndipo akaruhusu inyanyuliwe.

Halafu akaeleza. Silivu imekaa ndani ya maji, na chini yake kuna sili nyembamba tu inayotenganisha maji na oili. Hedi ikiwa imeshikana na silivu na wewe ukaivuta juu, unazing'oa silivu pamoja nayo. Sili ikivunjika, maji yanaingia kwenye oili, na kazi ya gasketi inageuka kuwa kazi ya kufungua injini nzima. Akachukua bolti na washa pana, akazifunga juu ya bloku zikandamize kingo za silivu, ili hata mtu akizungusha krenki zisipande.

Kijana wangu alikuwa tayari ametoa simu. Alipata video ya fundi mmoja wa Ulaya, mzee mwenye ovaroli safi isiyo ya kawaida, akifanya vilevile: vyuma 2, matundu ya bolti, ubavuni.

"Guka, ona. Anafanya kama wewe."

Baba alitazama hadi mwisho. "Na huyu alifundishwa na nani?" akauliza.

Nilicheka, lakini usiku swali likanigeukia. Sisi tulifundishwa na nani? Tulikua na gari lile mlangoni na hatukuwahi kuligusa ila kwa kitambaa. Kazi yetu Jumamosi ilikuwa kuliosha. Nilipokuwa darasa la 6 niliwahi kushika spana nikaambiwa niirudishe, nikasome, spana itanichafua. Ndugu yangu aliambiwa vilevile, ingawa ni mvulana. Baba hakutaka mmoja wetu airithi kazi yake, na akafanikiwa kiasi kwamba alipozeeka hakuwa na hata mtoto mmoja wa kuzungumza naye habari za klachi.

Siku ya kurudisha hedi, baada ya kusawazishwa kwa mashine Industrial Area, alinipa mimi karatasi. "Mama, wewe ni mtu wa hesabu. Nisomee." Kwa hiyo nilisimama pale na mchoro wa bolti, nikitaja namba moja baada ya nyingine, kuanzia katikati kwenda nje, yeye akikaza kidogo, kisha tukarudia mzunguko mwingine akikaza zaidi. Nilipotaja namba nje ya zamu alisimamisha mkono bila kuniangalia. Aliijua yote kwa kichwa.

## Kabureta ya Nissan

Vita vya pili vilikuwa vya ndugu yangu.

Ndugu yangu ni mtu wa usahihi wa picha za intaneti. Yeye anataka gari lipelekwe Ngong Racecourse kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari yaliyoanza mwaka 1970, ambako waamuzi huinama kutazama hadi chini ya gari. Na kabla ya hapo anataka taa 4 za ziada mbele, kwa heshima ya Safari Rally. Ukuta wa chumba chake una picha ya 504 ya Jean-Pierre Nicolas, iliyoshinda mwaka 1978.

Baba aliposikia habari za taa akauliza, "Ile ya Nicolas ilikuwa na milango mingapi?"

Miwili. Ilikuwa coupé, tena yenye injini ya V6. Ile iliyoshinda mwaka 1975, ya Ove Andersson, ilikuwa saluni. "Hakuna hata moja kati ya hizo iliyobeba mtu wa Gilgil na magunia yake ya viazi," akasema Baba, na habari za taa zikaishia hapo.

Lakini habari ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haikuisha kirahisi. Gari lilitoka kiwandani na kabureta ya Kifaransa, Solex. Juu ya injini yetu imekaa kabureta ya Nissan, imefungwa kwa bamba la alumini lililochongwa kwa mkono na fundi wa Kariobangi katikati ya miaka ya tisini. Ukitazama kwa karibu utaona alama za faili kwenye kingo zake, na tundu moja lililotobolewa kimakosa likazibwa kwa bolti fupi. Ndugu yangu alipata Solex mtandaoni, akailipia, ikaletwa ndani ya boksi lenye harufu ya ghala. Akaiweka mezani mbele ya Baba mithili ya mtu anayetoa mahari.

Baba aliisifu. Alisema ni nzuri sana. Kisha akauliza itawekwa kwenye gari gani.

Sababu zake hazikuwa za ukaidi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na barabara ya Nakuru inapanda zaidi ya hapo kabla ya kushuka bondeni. Huko juu hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya chini inamimina petroli nyingi kuliko inavyohitajika, plagi zinakuwa nyeusi na pochi ya dereva inakuwa nyepesi. Solex yake ya awali ilikuwa imechakaa na spea zake ziliadimika. Za Nissan zilikuwa kila kona ya Grogan. Yeye na fundi wake walijaribu jeti mbalimbali, vile vitundu vinavyopima petroli, mpaka gari likapanda miinuko ya Uplands, kwenye barabara hiyo ya Nakuru, bila kukohoa. Bamba lile la alumini lilichongwa na fundi, lakini wazo lilikuwa la Baba. Labda ndiyo kitu pekee kwenye gari zima alichokibuni mwenyewe.

Ndugu yangu akasema, "Lakini si orijino."

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba neno hilo lilikuwa linatutawala bila idhini. 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968 na mwaka uliofuata ikawa gari la mwaka la Ulaya. Ziliundwa zaidi ya milioni 3 duniani. Ufaransa ilipomaliza kuunda saluni mwaka 1983, Kenya ilikuwa bado inaziunganisha, na Nigeria pia, kule Kaduna, ikaendelea hata baada ya mwaka 2000. Raba ya kioo chetu cha mbele imetoka Nigeria. Bushi zimetoka kwa mzee mmoja wa Kirinyaga Road aliyezitoa chini ya kaunta zikiwa bado zimefungwa kwa karatasi ya nta. Kila aliyelishika gari hili aliliacha na kitu chake, na wengi wao walilishika kwa sababu mtu alikuwa na safari kesho yake saa 12 asubuhi.

Mimi nilipiga kura upande wa Nissan. Solex iko kwenye rafu, ndani ya boksi lake, na ndugu yangu bado anaifuta vumbi.

## Mstari wa njano

Ningependa kusema nilikuwa na msimamo huo huo kuhusu rangi.

Mstari ule wa njano, ambao kila matatu ililazimika kupakwa ubavuni, ulikuja Februari 2004, na sheria za waziri wa uchukuzi John Michuki. Wenye umri wangu tunakumbuka asubuhi ile: watu wakitembea kwa miguu kwenda kazini, matatu zikiwa zimepangwa gereji zikifungwa mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mafundi wa rangi wakipaka njano usiku na mchana. Mimi nilikuwa chuo kikuu na nilizishangilia sheria zile. Nilikuwa nimechoka kukaliwa mapajani. Kwangu mstari wa njano ni alama ya serikali iliyofanya kazi, na pia ni alama ya Baba aliyetii, aliyeshona sare, aliyepaka mstari wake kwa utepe na rula ukanyooka kuliko wa magari yote ya steji. Nilitaka ubaki. Nilisema hivyo mezani, kwa maneno mengi.

Baba alisubiri nimalize chai.

"Huo mstari ni rangi ya hasara," akasema.

Akapiga hesabu ambayo, mimi mhasibu, sikuwahi kuipiga. Gari la viti 7 likibeba abiria waliotakiwa linalipa petroli, steji, bima na matengenezo, na kinachobaki ni cha unga. Karo ilikuwa ya abiria wa ziada. Ilikuwa ya yule wa nne kwenye kiti cha watu watatu, na ya yule aliyekaa juu ya mfuko wake nyuma kabisa, miguu ikigusa mlango. Mstari ulipokuja, abiria wale waliondoka, magari ya viti 14 yakachukua steji, na Peugeot moja baada ya nyingine zikarudi nyumbani kwa wenyewe. Alijikokota miaka michache, kisha akaliegesha.

Kwa hiyo nilisomeshwa na mtu aliyekunja magoti kutoka Nyamakima hadi Nakuru.

Sijui nifanye nini na habari hiyo. Nimeishi nayo wiki nyingi na bado inanikwaruza. Bado naziona sheria zile kuwa sahihi. Watu walikuwa wanakufa barabarani. Na nikiwa bwenini, kidato cha 2, jina langu halikuwahi kusomwa kwenye orodha ya wadaiwa. Nikisema tuubakize mstari kwa heshima ya kazi ya Baba, ninahifadhi miaka ya kuanguka kwake na kuiita heshima. Nikisema tuufute, tulipake nyeupe la miaka ya tisini, tunarudi kwenye nyeupe la kusongamana, lile ambalo hakuna mkanda hata mmoja ndani.

Kijana wangu bado anataka buluu, na nimeanza kumwelewa. Buluu ni ya watu tusiowajua. Haimdai mtu wa nyumba hii chochote.

Baba, nilipombana, hakusema anataka mwaka upi. Alisema gari likipita barrier na mstari wa njano huku limesajiliwa kuwa la binafsi, kila askari atatusimamisha, na yeye amesimamishwa vya kutosha. Kisha akarudi kwenye breki zake.

## Kiti cha mbele

Mtu ambaye hakuna aliyemuuliza ni Mama. Alikuwa amelipia mashine ya kuchomelea kwa mkopo wa chama chake, analipia tokeni, na ndiye aliyepoteza vitalu vya sukuma. Nilimkuta Ijumaa moja amesimama gerejini peke yake, mkono juu ya mgongo wa kiti cha mbele, kile kilichorudi kwa fundi wa viti kikiwa na ngozi mpya nyekundu ya plastiki.

Nilimuuliza yeye angependa gari liwe la rangi gani.

"Mimi sijawahi kukaa hapa," akasema.

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza taratibu, bila lawama, kama anayesoma risiti. Kiti cha mbele ndicho kilikuwa cha kwanza kuuzwa. Wenye haraka na wenye suti walikiwahi. Tulipokwenda Nakuru kwa nyanya yetu Krismasi, Baba alijaza gari kwanza, sisi tukabanwa nyuma kabisa na mikoba, Mama akiwa amempakata ndugu yangu, na kiti cha mbele kikaenda na mtu aliyelipa. Alikuwa mke wa mwenye gari, na barabara ya Nakuru aliiona kwa kioo cha ubavuni. Bonde lenyewe, pale linapofunguka ghafla upande wa kushoto na kila mtu mbele ananyamaza, alilisikia likitajwa.

"Rangi pakeni mnayotaka," akasema. "Hiki kiti kiwe na mkanda. Na hivyo vya nyuma pia, vyote. Kijana hatakaa bila mkanda kwenye gari la nyumba hii."

Nilimpelekea Baba maneno hayo. Alikuwa chini ya gari lililokaa juu ya stendi, anatazama bomba jipya la breki. Hakujibu. Jumatatu yake alienda Kirinyaga Road peke yake kwa matatu, akarudi na mikanda 7, mipya, ndani ya mfuko wa nailoni, na risiti akamkabidhi Mama. Wiki hiyo yote tulitoboa na kuimarisha sehemu za kufungia mikanda ya nyuma kwa vipande vya chuma kizito, kwa sababu bati tupu halishiki mtu gari likigonga. Hakuna mwamuzi wa Concours atakayefurahia. Ndugu yangu alichomelea mwenyewe 2 kati yake, na siku hizi hasemi sana neno orijino.

Rangi tumeagiza nyeupe. Mstari umesuguliwa wote. Mlango wa dereva bado una lile doa, kwa sababu Baba anataka praima iwekwe siku moja na ya milango mingine na fundi wa rangi hajapata nafasi. Maombi ya kubadilisha matumizi kutoka uchukuzi wa umma hadi binafsi yamo mikononi mwangu, na mimi na tovuti ya serikali tunaendelea kuvumiliana. Limebaki jambo la klachi, raba za milango, na geji ya moto wa injini inayosema gari limechemka hata likiwa limezimwa.

Juzi jioni Mama alikuja na chai, akaiweka juu ya benchi, akafungua mlango wa abiria, akaketi. Akavuta mkanda, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Baba alikuwa upande wa pili, mkono kwenye usukani, miwani puani.

"Likiwa tayari," Mama akasema, "tutapitia barabara ya juu, si ya Mai Mahiu. Nataka kuliona bonde."

"Sawa."

"Na tukifika Kinungi usisimame kubeba mtu."

Baba alifikiria.

"Hata akiwa ni mmoja tu, wa Gilgil?"